Ng'ombe wa Bashani

Jumatano, 5 Juni
Vigelegele! Jumamosi wakwe wanaleta barua ya posa ya mwanangu Clara. Mama wa kijana, Bi Evarista wa Mbegani, kasoma kwa masista. Mimi niliishia la tatu. Akiniona mshamba, si atageuza? Nimepata dawa: nitampokea kwa maneno ya manabii. Wamejaa wanyama, na mimi nimekulia zizini, Usukuma.

Alhamisi, 6 Juni
Danieli ana mnyama wa pembe kumi. Nimefunga haraka. Isaya anamlaza mbwamwitu na mwanakondoo. Sasa mbwamwitu nani, mimi au mkwe? Hapana. Kisha Amosi, sura ya nne: ng'ombe wa Bashani, wako mlimani, wameshiba! Ni Bi Evarista kabisa! Kwetu ukimsifia mwanamke hivyo unapewa kiti. Sikumaliza mstari, maharage yalianza kuungua. Jirani yangu Esha akanionya: shoga, huku pwani ng'ombe ni tusi. Nikamwambia huyu wa Biblia.

Jumamosi, 8 Juni
Ole wangu. Nilipiga goti mlangoni, nikatamka: karibu, ng'ombe wa Bashani! Bi Evarista akauliza kaitwa nani. Nikarudia kwa sauti, labda hakusikia. Mshenga wetu, Katekista Oswaldi, akaona aniokoe, akausoma mstari wote. Kumbe unaendelea! Ng'ombe hao ni wanawake wanaoonea maskini na kuwaamrisha waume zao walete kinywaji. Na mume wa Bi Evarista ndiyo kwanza anarudi dukani alikotumwa soda na mkewe. Akasimama katikati ya sebule, chupa mkononi, maskini. Wameondoka na barua yao. Clara amejifungia chumbani.

Jumapili, 9 Juni
Sijala. Nimebeba jogoo mpaka Mbegani. Nikamweleza Bi Evarista kweli yote: kwetu ng'ombe ndiyo heshima, baba yangu akinibembeleza aliniita ndama. Sikutukana, nilimtaka awe ndugu. Machozi yakanitoka. Mumewe akacheka hadi akashika ukuta. Eti miaka thelathini anamtafutia mkewe jina, kumbe nabii analo! Bi Evarista akamchapa kwa kanga. Kisha akacheka yeye, akampokea jogoo. Barua inarudi! Katekista kaniomba nikae mbali na manabii.

Jumanne, 11 Juni
Posa imepokelewa! Harusi Agosti, na mama wa binti lazima aseme neno. Nimeshalipata. Hosea, sura ya saba: Efraimu ni kama njiwa. Njiwa! Nani atachukia njiwa? Nitamwita hivyo bwana harusi, mbele ya ukumbi mzima. Clara kachungulia begani kwangu, kashika kichwa. Anasema nimalize mstari, eti njiwa huyo hana akili. Nimemwambia atulie. Hapo sitafika mimi. Katekista atamalizia.