Beberu Aliyeogeshwa kwa Sabuni ya Waridi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimefika Kitangari na beberu! Manyoya hadi magotini. Njia nzima kutoka Masasi nimempakata kwenye bodaboda. Mwenyewe, Mwalimu Godfrey, ameniazima kwa siku nne tu. Bahati iliyoje: majike yangu matatu yameanza kutingisha mikia leo leo, yaani yako kwenye joto. Akiyapanda sasa, watoto watazaliwa katikati ya Desemba, mvua na majani mabichi. Mbuzi wa sufu! Mke wangu, Mama Queen, kacheka. Nikaapa mbele ya jirani yetu Mama Wema: wasipozaliwa wenye manyoya marefu, nitachota maji mwenyewe mwaka mzima. Mdomo huu utaniponza.

Jumanne, 15 Julai
Bwana harusi ananuka. Mama Queen kahamishia jiko upande wa pili wa nyumba. Nikajiuliza, binti wa nani atamkubali huyu? Nimemwogesha. Ndoo tatu, zile alizozipangia foleni Mama Queen tangu alfajiri, na sabuni ya waridi ya binti yetu. Nikamchana kwa kitana changu. Amependeza kuliko mimi siku ya ndoa yangu. Mama Queen hajui.

Jumanne, jioni
Mama Queen amejua.

Jumatano, 16 Julai
Majike yamemnusa, yakageuka, yakaenda kula maganda ya mihogo. Moja limempiga pembe. Dada Imakulata, afisa mifugo, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema harufu ile ndiyo posa yenyewe. Jike akiikosa, hana habari na dume. Tena joto ni la siku moja au mbili, likipita ni kusubiri wiki tatu. Nikamwambia nilijua, nilikuwa najaribu tu.

Lakini akili ni nywele! Beberu wa Mama Wema, kipara, sikio limechanika, ananuka kwa niaba ya kata nzima. Nimemwazima. Nimemsugua gunia mwili mzima, gunia lile nikamvika wangu. Jua limezama, mkono umechoka, kipara nimemfunga nje ya zizi. Nitamrudisha kesho. Kamba ya zamani, ila imara.

Alhamisi, 17 Julai
Kamba haikuwa imara. Nimemkuta kipara amelala katikati ya majike yangu, kama baba mwenye nyumba. Majike yametulia, mikia haitingishiki tena. Wangu kasimama pembeni na gunia lake, bado ananukia waridi. Nimeona aibu kwa niaba yake. Nimemrudisha Masasi kimya kimya. Huenda aliwahi kupanda hata jike moja. Huenda.

Jumapili, 14 Desemba
Wamezaliwa watano. Manyoya mafupi, wote. Mvua yenyewe bado. Mama Wema kaja na kuku, kaniita mkwe, kasema ni mahari ya mwanawe. Mama Queen kacheka mpaka machozi, kisha kanikabidhi ndoo. Iliniuma kweli. Kuku nimemla.

Jumatatu, 15 Desemba
Bombani. Naandika nimekalia ndoo, mtu wa kumi na tisa kwenye foleni. Mgongo unauma, lakini utulivu huu umenipa nafasi ya kufikiri, na kosa nimelipata. Waridi! Mbuzi gani anajua waridi? Nimempigia Mwalimu Godfrey, beberu anarudi Julai. Na kwa kuwa maji nachota mwenyewe, Mama Queen hatajua ndoo tatu zimekwenda wapi.

Sabuni ya ndimu nimeshanunua.