Upepo wa Mwaka Sitini na Tisa

Jumatatu, 12 Agosti

Daktari wa moyo amesema nisipange safari ya majira ya baridi. Nikamuuliza, je, theluji nitaiona? Akatazama viatu vyake. Basi. Anayeondoka hufungasha, na mzigo wangu mkubwa ni uongo mmoja. Nauandika hapa.

Upepo uliomo kwenye tairi langu la akiba si wa mwaka 1969.

Nimeandika! Sasa maelezo, kwa yeyote atakayesoma nikiwa chini ya udongo wa Michigan.

Gari langu, Firebird ya kijani, nililinunua mwaka 1988 kwa mjane wa mchungaji wa Kilutheri. Lilikuwa likienda kanisani na kurudi. Hakuna aliyelipaka rangi, hakuna aliyelibadilisha kitu. Nikafungua buti, nikabonyeza tairi la akiba. Gumu kama jiwe! Kwenye mkutano wa chama chetu cha magari nikasimama, mimi Thaddeus Wrobel, mwalimu wa kemia, mtu wa kuaminika, nikatangaza kwamba upepo ule ulijazwa kiwandani na haujawahi kutoka. Wakapiga makofi. Mmoja alivua kofia.

Mwezi uliofuata tairi likawa laini kama mkate. Nikachukua pampu. Tangu hapo najaza mimi.

Na si upepo tu. Zulia nimelitia rangi kwa chai. Boliti mpya nimezilaza kwenye siki na chumvi mpaka zikazeeka kunishinda. Watu huja na watoto wao kuangalia gari lisiloguswa, nami nimeligusa kila mahali. Limebaki tone moja la rangi chini ya dashibodi, ambalo fundi wa kiwandani aliliangusha kwa uzembe akaliacha. Lile ni la kweli.

Mimi mwenyewe je? Nyonga ya chuma. Vali ya moyo ya ng'ombe. Meno ya bandia, kazi ya rafiki yangu Lyle Vandermolen.

Jumamosi ni mashindano. Likipita katika kundi la Yasiyoguswa, chama kitaliweka ukumbini vivi hivi lilivyo, na hakuna atakayelitia mkono tena. Lisipopita, binti yangu Bernadette atamuuzia Lyle nikishafumba macho. Na Lyle atalivua mpaka mifupa, alipake rangi mpya, aling'arishe. Ni daktari wa meno mstaafu. Hawezi kuona kitu cha manjano akakiacha.

Jumanne, 13 Agosti

Tairi limelala! Nimegundua asubuhi Bernadette alipokwenda dukani. Nikaitoa pampu ya mguu. Nikakanyaga mara moja, sawa. Mara ya pili nikaona nyota. Bernadette akanikuta nimekaa sakafuni, mrija wa oksijeni umenizunguka shingo. Nikamwambia nilikuwa nasali. Akauliza tangu lini nasali huku nimekumbatia pampu. Ameichukua, ameifungia kwenye gari lake. Eti Baba, nikikukuta tena gereji peke yako nakupeleka nyumba ya wazee, na huko hakuna hata baiskeli.

Mchana akaja Lyle na bakuli la saladi ya viazi ya mkewe. Akaomba, kama anavyoomba kila mwaka, alibonyeze tairi. Hulibonyeza kwa kidole gumba huku amefumba macho, kama mtu anayeonja mvinyo. Miaka yote hii! Sikuweza kukataa. Akabonyeza. Kidole kikazama.

Akafumbua macho: "Limelegea kidogo, Tad. Kama mwenyewe."

Nikamwambia ni joto. Akasema alidhani joto hupanua upepo, lakini yeye ni mtu wa meno tu, kemia aniachie mimi. Akala nusu ya saladi aliyoniletea.

Jumatano, 14 Agosti

Siku mbaya.

Kwanza, jaji mkuu wa mashindano amepiga simu. Bi Idella Stroud, wa Toledo. Sauti kavu kama biskuti ya juzi. Anasema atapenda kuanza na buti. Kwa nini buti? Watu wote huanza na injini! Anasema kuna muungwana aliyempigia na kumshauri asikose kulitazama tairi langu maarufu. Sikuuliza jina la muungwana huyo. Meno yangu yote yanamjua.

Pili, Bernadette akanipeleka kwa Lyle kula nyama ya kuchoma. Kiti changu kikawekwa gereji kwake, kwenye kivuli, mbele ya gari lake. Ni Firebird kama langu, la mwaka uleule, ila limepakwa rangi mpaka unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Hakuna kovu. Hakuna hata harufu. Nikamwambia linafanana na sinki. Akashukuru!

Kwenye rafu yake kila kitu kinang'aa. Hata kile kizima moto kidogo nilichokikuta butini mwaka 1988 nikampa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Amekitia kromu! Mtu huyu akipewa mbwa atamtia kromu.

Kisha nikayaona makopo ya rangi. Ya machungwa. Nikauliza ni ya gari gani, maana lake ni jeusi. Lyle akakohoa. Bernadette akasema Baba, kula mahindi yako. Nikasema sina hamu. Akasema basi tazama ndege.

Rangi ya machungwa! Gari langu la kijani! Wamekwisha nunua na mimi bado napumua.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepata njia. Moyo ni mbovu lakini kichwa ni cha kiwandani.

Pampu imefungiwa. Kukanyaga siwezi. Lakini ndani ya nyumba hii mna hewa iliyoshindiliwa, iliyolipiwa na bima, safi kuliko ya mlimani. Mtungi wangu wa safari! Ule wa kijani, wa kubebea begani nikitoka nyumbani; humu ndani napumulia mashine. Nikakata kipande cha mpira wa tangi la samaki, nikafunga kwa waya.

Mimi niliyewapigia kelele watoto wa mji huu kwamba oksijeni si ya kuchezea karibu na mafuta na mpira! Mwanafunzi angefanya hivi ningemtoa darasani kwa sikio. Nilifungua polepole, nimefumba jicho moja, namtaja kila mtakatifu wa Kipolandi ninayemjua. Ikalia sss. Tairi likainuka. Likajaa. Gumu kama peasi bichi! Nikalipiga kofi kama farasi.

Hasara moja. Mshale wa mtungi umeshuka hadi kwenye wekundu. Kijana wa mitungi haji mpaka Jumatatu. Nimewaza: Jumamosi nitapumua kidogo kidogo. Watu wengi hupumua kupita mahitaji yao.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikulala vizuri. Niliota Bi Stroud ananipima mimi, anagonga nyonga yangu kwa kalamu, anaandika "si ya asili."

Padri Stan amekuja kunipa sakramenti. Nikajua huu ndio wakati. Mtu asiende mbele ya Mungu na tairi moyoni. Nikaanza: Padri, kuna jambo kuhusu gari. Uso wake ukawaka! Akasema kabla sijaendelea, tafadhali, je, anaweza kuligusa? Alisikia habari zake akiwa seminari. Nikampeleka gereji. Akaliwekea tairi kiganja chote, akatulia, machozi yakamlengalenga. Akasema mwaka ule baba yake alikuwa hai, na upepo huu ulikuwepo.

Ningefanyaje? Nikaungama kwamba nilidanganya kwenye mchezo wa bingo.

Akanipa Salamu Maria chache. Nimezisali zote na za ziada, kwa ajili ya tairi.

Baada ya hapo nikalowanisha meno yangu kwenye chai nzito. Lyle ameyatengeneza meupe mno, mzee wa umri wangu anaonekana ameazima mdomo. Kesho kila kitu kiwe cha kuaminika.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika kitandani. Niandike haraka kabla Bernadette hajaninyang'anya kalamu.

Uwanja ulijaa. Moshi wa soseji, jua kali, boneti zimefunguliwa kama vinywa kwenye kliniki ya Lyle. Mtungi wangu begani, nimeupunguza hadi kiasi cha kumtosha kuku.

Bi Stroud akaja na tochi, kioo cha kuchungulia chini ya gari na glavu nyeupe. Mwanamke mdogo, hacheki. Kumbe hakuanza na buti. Akalala chali chini ya gari kama fundi, akakaa huko muda mrefu. Akatoka akasema boliti zile zina kutu nzuri kuliko zote alizoziona mwaka huu. Akawageukia wasaidizi wake, akawaambia kutu ya kweli haiigiziki. Nikatazama mawingu. Akasifu zulia: hivyo ndivyo jua linavyofubaza! Chai ya Bernadette ile.

Kisha akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Akaliona tone. Akaguna. Akasema hii hapa, Bwana Wrobel, ni kazi ya mtu asiyejua. Tone la kiwandani halikai hivi. Akakata alama.

Kitu pekee cha kweli katika gari zima!

Nilitaka kupiga kelele. Lakini pumzi nilikuwa nazo chache, nikaziweka akiba.

Ndipo buti. Watu wakasogea. Lyle mbele kabisa, mikono nyuma. Bi Stroud akabonyeza tairi. Akabonyeza tena. Akavua glavu. Akaniuliza ni nani aliyelijaza.

Nikasema kiwanda, mama. Sitini na tisa.

Akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kutoa habari za msiba. Akasema tairi la akiba la aina hii lilitoka kiwandani likiwa tupu. Limekunjwa, ili buti lipate nafasi. Pembeni yake kiliwekwa kichupa cha chuma chenye gesi, dereva akipata pancha alijaze mwenyewe barabarani. Likiwa na upepo wowote, limekwisha guswa. Kichupa kiko wapi?

Kichupa.

Kichupa cha chuma. Kidogo. Nilichodhani ni kizima moto cha mchungaji.

Nikamgeukia Lyle. Alikuwa mwekundu, mabega yanamtetemeka. Alijua! Tangu nilipompa zawadi ile alijua. Kila mwaka alikuja kwangu na saladi, akafumba macho, akabonyeza tairi ambalo halikutakiwa kuwa na upepo hata wa kupuliza mshumaa!

Hapo mtungi wangu ukatoa mluzi mwembamba ukanyamaza. Mshale kwenye sifuri. Uwanja ukaanza kuzunguka. Nilisikia Bernadette akiita Baba, Baba, mtungi umeisha vipi, ulikuwa umejaa! Bi Stroud naye, mtu wa kazi, hakuwa ameona kitu. Alikuwa ameshafungua vali ya tairi ili lirudi linavyopaswa kuwa. Sss.

Nikanyoosha kidole. Sauti haikutoka ila neno moja: oksijeni.

Lyle ni mpumbavu lakini si mzito. Alinitazama mimi, akatazama tairi, akanishika mkanda wa suruali, akanisukuma kichwa ndani ya buti. "Vuta, Tad! Vuta, mzee mshenzi wee!" Nikavuta. Harufu ya mpira, ya zulia, ya chai. Uhai! Bernadette alipofika na mtungi wa watu wa huduma ya kwanza nilikuwa nimeanza kutukana.

Nilimuuliza Lyle kwa nini alikaa kimya muda wote huo. Akajibu kwamba furaha aliyokuwa akiipata kila Agosti ilishinda Krismasi. Basi kwa nini umwite jaji leo? Akakwaruza kidevu. Alisema daktari wangu ni daktari wake, na alipomuuliza habari zangu, daktari alitazama viatu. Alitaka kunicheka nikiwa hai. Kumcheka maiti hakuna raha.

Matokeo: limeshindwa. Limeguswa.

Lakini Bi Stroud alisema tairi likirudi tupu na kichupa kikapatikana, tulilete Agosti ijayo, atalitazama upya. Bernadette akamwangalia Lyle. Lyle akasema rangi ya kopo haiozi, atasubiri. Kisha akaniambia, bila kunitazama, nisithubutu kufa kabla ya hapo, maana kichupa atanirudishia na hataki kionekane kwenye mirathi.

Nimelia kidogo. Nimesema ni harufu ya mpira.

Jumapili, 18 Agosti

Moyo mwepesi. Sina tena la kuficha! Nimelala kama mtoto.

Kanisani, nilikokwenda na mtungi wa kuazima wa huduma ya kwanza, habari zimeenea kwamba upepo wa sitini na tisa ulimfufua mzee Wrobel. Walionizunguka walitaka kujua ulikuwa na ladha gani. Nilitaka kuwaeleza ukweli. Nikasema ulikuwa mtamu. Padri Stan ameuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama umebaki hata kidogo. Nimemwambia nitaangalia.

Lyle ameleta kichupa. Kinang'aa kama taa ya ukumbi wa dansi! Jaji yeyote atakicheka akiwa bado barabarani. Nimekitikisa: kitupu. Hakitakiwi kuwa kitupu. Kinatakiwa kuwa na gesi yake ya kiwandani, ambayo haijawahi kutoka.

Agosti ijayo iko mbali, lakini kutu inataka muda, na mimi sasa nina miadi. Nimempigia kijana wa mitungi. Nimemwambia kifua kimezidi, kesho alete wa ziada.

Bernadette yuko jikoni anauliza siki yote imekwenda wapi.