Diski Moja, Meza Mbili

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kabati limefika! Limetoka Tororo kwa pikapu, kutoka kwenye ofisi iliyofungwa, limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Ndani lina diski kumi na mbili. Kuanzia leo filamu zote za studio ya Madam Proscovia zitakaa humo: harusi, mazishi, mahafali, minada ya ng'ombe. Limewekwa stoo, na kebo ya mtandao inatoka huko hadi huku mbele.

Mjuzi wa kabati ni Okwi. Bila shaka. Okwi wa Kiyeyi, mtu anayebandika karatasi yenye jina kwenye kila waya, hata wa birika. Alitueleza mimi na Madam, polepole, akinitazama mimi, kwamba kwenye kompyuta yake ya Linux kuna programu ndogo iitwayo fcoemon. Haina dirisha wala kitufe. Kazi yake ni kukaa macho nyuma ya pazia ikichunga kebo. Mtandao ukiamka, inakwenda kuzileta diski za kabati na kuikabidhi kompyuta, hadi kompyuta inadhani diski zimo tumboni mwake. Nilisema nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Kisha pigo. Madam amesema diski zitaunganishwa na kompyuta moja tu, ya Okwi. Mimi nikitaka faili, nimwombe. Nimwombe Okwi! Studio hii ina meza mbili tangu ifunguliwe: yangu ya wateja wa Uganda, yake ya wateja wanaovuka kutoka Kenya. Busia yote iko hivyo. Kila mtu ana laini mbili, pochi mbili na namna mbili za kusalimia. Diski itashindwaje kuwa na mabwana wawili?

Na kuna hili. Mwezi ujao Madam anafungua tawi Tororo, na msimamizi atatoka kati yetu. Madam ataamua kwa kazi ya Loy. Loy ni binti wa Sajini Oriokot wa kambi ya Rubongi, anaolewa Jumamosi na Allan wa Sikuda. Sajini amepelekwa kazini mbali, hatakuwepo. Lakini mwezi wa Julai, siku wakwe walipokuja kwao na ng'ombe kujitambulisha, mimi mwenyewe nilimrekodi akimpa binti yake maneno ya kumuaga. Maneno hayo ndiyo yataonyeshwa harusini, mahali pa baba. Kazi hiyo ni yangu. Tororo ni yangu.

Jumanne, 16 Septemba

Mpango umekwenda kama maji!

Kwanza ilibidi Okwi aondoke. Madam alikuwa Tororo akitafuta chumba, basi nikamwambia Okwi ameagizwa aende Sikuda kwa kina Allan, apige picha za boma za kupamba mwanzo wa filamu. Hakuuliza hata swali moja. Alisema tu, "Sawa, mimi nakwenda," akabeba kamera, akapanda boda. Dakika tano baadaye nilikuwa kwenye kiti chake. Kiti laini kuliko changu! Nitataka cha aina hiyo Tororo.

Hakuwa amefunga kompyuta. Mtu anayeandika jina la birika, hakufunga kompyuta! Nikanakili faili lake la maelekezo ya fcoemon, nikaliweka kwenye mashine yangu. Juu yake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa MASHINE MOJA TU. Nilifuta mstari huo, unajaza nafasi bure.

Fcoemon yangu ikaamka, ikakaa kimya. Saa nzima kimya. Nikaitukana kwa Kisamia. Mwishowe nikagundua kwamba faili hupewa jina la tundu la kebo, na langu lilikuwa na jina la tundu la Okwi. Maskini fcoemon ilikuwa inachunga mlango usiokuwepo. Nikabadilisha jina. Ikabisha hodi. Kabati likakataa: orodha yake ya wanaoruhusiwa ilikuwa na mashine ya Okwi peke yake. Nikajiongeza.

Diski zikatokea! Nilicheza kidogo. Justine wa duka la vitenge jirani alichungulia akauliza kama nimepata mtoto.

Jumatano, 17 Septemba

Okwi alirudi jana jioni akiwa amenenepa. Shangazi yake Allan, Bi Taaka, alimchinjia kuku, akamweka kwenye kiti cha wageni, akamrushia kwenye simu video zote alizopiga yeye mwenyewe siku ya utambulisho. Okwi alitaka kunionyesha. Nikasema nina kazi.

Na kazi kweli ninayo! Filamu ya Loy imekaa kwenye kabati, naifungua, nakata, naunga, upesi ajabu. Meza ya pili Okwi anatengeneza tangazo la Ikiring, mfanyabiashara wa ng'ombe wa upande wa Kenya, anayeuza fahali wake aitwaye Kamanda. Saa nzima fahali anatembea, anageuka, anatembea tena. Nilimwonea Okwi huruma.

Jambo la kupendeza: nilihofu Okwi ataliona folda langu kwenye diski. Hakuliona! Nami tangazo lake silioni. Diski moja, na kila mtu anaona vyake tu. Kabati hili lina adabu kuliko watu wengi wa mtaa huu.

Kwa usalama nimefuta kadi za kamera zenye filamu ya Julai. Nisingependa Okwi azipate, amalize kazi yangu kwa siri. Watu wengine wana hila.

Alhamisi, 18 Septemba

Loy amekuja na mama yake, Mama Akongo, kuitazama filamu. Nimewaketisha. Nimewapa soda. Madam alisimama nyuma.

Dakika ya kumi na nne Sajini Oriokot alisimama kwenye kioo, kofia mkononi. Ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Allan, huyu mtoto nilimfundisha baiskeli mimi mwenyewe, barabara ya Rubongi. Nilikimbia nyuma nimeshika kiti. Siku niliachia, yeye hakujua. Leo naachia, na anajua."

Loy alilia hadi akacheka. Alisema simu ya baba yake haipatikani wiki ya tatu sasa, na hiyo ndiyo sauti yake pekee aliyonayo. Akaomba tuitunze vizuri. Nilimwambia kwangu iko salama kuliko benki.

Madam alinigusa bega. Bega la kushoto! Okwi aliona. Jioni nimepita dukani kuuliza bei ya tai.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku mbaya.

Asubuhi umeme ulikatika, ukarudi, mashine zote mbili zikawaka upya. Saa tano Mama Akongo akaja kuichukua filamu. Nikasema tuitazame tena, kwa raha tu, Madam akiwepo. Dakika ya kumi na nne ikafika. Sajini akavua kofia, akafungua mdomo.

Akatokea Kamanda. Fahali! Akatembea, akageuka, akatembea tena. Dakika sita. Kisha filamu ikarudi kwa wanawake wakipiga vigelegele.

Halafu Mama Akongo akauliza, kwa utulivu kabisa, kama huyo ni katika ng'ombe walioletwa na wakwe. Maana siku ile yeye hakumwona, na kama aliletwa, yuko wapi sasa?

Nikasema ni hitilafu ndogo. Walipotoka nje kuongea, nikaita programu ya kutengeneza diski. Ikaanza kuniuliza maswali: nirekebishe hiki? Nifute kile? Nilijibu ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mara mia tatu hivi. Ilipomaliza hata Kamanda hakuwepo. Kulikuwa na maelfu ya vipande visivyo na majina, namba tupu. Sajini hayumo hata katika kimoja.

Okwi akatazama mashine yangu. Akatazama kebo yangu, isiyo na karatasi. Akaelewa. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alisema, "Ndugu yangu Egesa, fcoemon ilifanya kazi yake vizuri. Ilileta diski mahali uliiambia." Akanieleza kwamba kila kompyuta hushika kichwani orodha yake ya nafasi zilizo wazi kwenye diski. Mbili zikitumia diski moja bila kusemezana, kila moja huandika juu ya kazi ya mwenzake ikidhani pako wazi. Ndiyo maana hatukuonana, hadi umeme ulipokatika na mashine zikaanza kuisoma diski upya. Kila mmoja alikuwa akimfuta mwingine.

Madam akauliza kadi za kamera ziko wapi. Nikasema nilizifuta. Akaketi kwenye kiti changu, kile kibovu, akafunika uso. Nilitamani apige kelele. Nilimfikiria Loy na simu isiyopatikana, na chakula cha mchana kikanishinda.

Jumamosi, 20 Septemba

Nilikwenda harusini Sikuda nikiwa tayari kupigwa. Nilivaa viatu vya kukimbilia.

Sasa sikia. Okwi alikesha akiunga filamu upya kutoka kwenye zile video za Bi Taaka. Shangazi huyo alirekodi kila kitu kwa simu, na kidole chake kimo kwenye kona ya picha mwanzo hadi mwisho. Lakini sauti ni safi! Sajini alivua kofia pembeni mwa kidole, akasema maneno yake yote, baiskeli na barabara na kuachia. Loy alisimama, akaenda kukigusa kioo kwa mkono. Allan akamfuata, akasimama nyuma yake. Na mimi nililia, sifichi. Nililia kuliko shangazi.

Kisha mjomba wa bibi harusi akachukua kipaza sauti, akauliza habari za fahali. Mama Akongo alikuwa amewasimulia. Wazee wa Sikuda waliapa hawamjui. Wazee wa Loy wakasema walimwona kwa macho yao mtu aliyemwona. Ikawa mabishano ya nusu saa, kwa heshima kubwa, hadi baba yake Allan akaahidi kuongeza fahali ili watu wapate kula. Ikiring, aliyealikwa na Okwi, alikuwa meza ya tatu. Amemuuza Kamanda.

Jumatatu, 22 Septemba

Tororo amepewa Okwi. Madam amesema pia kwamba nikionekana karibu na stoo, nitarudi Lumino kulima mihogo na baba yangu.

Nimetafakari sana jana, kanisani, wakati wa matangazo. Ni nani aliyemtuma Okwi Sikuda? Mimi! Bila mimi asingemla kuku wa Bi Taaka, asingepata video, na Loy asingemsikia baba yake. Harusi ile niliiokoa siku nne kabla haijaharibika. Nilimweleza Madam hivyo leo asubuhi. Alicheka hadi akashika ukuta. Nimelichukulia kama shukrani.

Okwi ameondoka saa sita. Alinipa mkono, akaniambia nisihuzunike, akaacha funguo zote msumarini, kila mmoja na karatasi yake. Mmoja ameuandika EGESA ASIGUSE. Mtu mwema sana. Bila karatasi hiyo ningehangaika kutwa kuzijaribu zote nikitafuta ule wa stoo.

Maana kosa la wiki iliyopita sasa naliona wazi. Mashine mbili ziligombana kwa sababu hazikuwa na wa kuzisuluhisha. Kesho Madam akishapanda gari la Tororo, naunganisha ya tatu.