Siagi Isiyo na Mifupa

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu katoa amri. Siagi yake ya karanga isipouzika hadi Jumamosi, mimi nakwenda kuzoa mavi ya kuku kwa kaka yake. Mimi! Kwa shemeji anayeniita Bwana Mipango mbele ya wanangu! Ati yeye anasaga, kuuza ni kazi yangu. Nimekagua rafu za duka la mtaa, tunakoiuza. Siagi ya jirani yetu, Mama Kilemba, inakwisha haraka, na kopo lake halina hata lebo. Hapo hapo nikapata wazo.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika: HAINA KOLESTEROLI. Kweli tupu, karanga haijawahi kuwa nayo. Mteja wa kwanza kamuuliza mwenye duka kolesteroli ni mdudu gani. Kaambiwa vyovyote vile, humu haimo. Kachukua makopo mawili! Kumbe watu hununua kisichokuwemo. Mke wangu kacheka, na mimi nikavimba kichwa.

Jumatano, 5 Machi
Biashara matangazo. Nimeongeza kwa wino mwekundu: HAINA GUNDI. HAINA MCHANGA. HAINA MIFUPA. Mke wangu kauliza kama nina homa. Wivu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mwalimu mstaafu kasimama dukani, kauliza kwa sauti ya darasani: kwa nini waseme haina mifupa? Kwani zamani ilikuwamo? Watu wakatazamana. Bibi mmoja karudisha kopo la Jumanne, kaapa aliuma kitu kigumu. Punje ya karanga hiyo, bibi! Mama Kilemba, mchokozi yule, akasema yeye haandiki kitu, kwake mifupa haijawahi kuingia. Wakanunua makopo yake yote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitegemea kugombezwa. Wapi! Mke wangu kabandua lebo zote kwa maji ya moto, kopo moja moja. Mikono yake bado imevimba kwa kusaga. Imeniuma kuliko matusi. Kisha kanipa mabuti ya shemeji.

Jumatatu, 10 Machi
Bandani tangu alfajiri. Nanuka hadi kuku wananikwepa. Nasikia siagi yetu, sasa bila lebo, inanunuliwa vizuri tu. Bahati hiyo! Shemeji katoka, kaniachia trei za mayai ya kupeleka sokoni. Meupe, hayana hata neno. Mteja atajuaje ubora wake? Nimepata kalamu nyekundu. Trei mbili tayari, kila yai kwa mkono wangu mwenyewe: HALINA NYOKA.