Mtumbwi Wangu na Mama Limi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimenunua mtumbwi! Wiki tatu tu tangu niache duara, shimo la dhahabu, kule Nyarugusu, na tayari mimi ni mtu wa ziwa hapa Nkome.

Jumamosi Mama Limi anakuja kutoka Kharumwa kutoa jibu la posa yangu. Limi mwenyewe anaanika dagaa ng'ambo ya ghuba, kwa hiyo lazima mama avushwe. Magesa, mwenye boti ya injini, amejitolea kumvusha bure. Bure! Alimtaka Limi kabla yangu, namjua sana huyo. Nikamjibu kwamba mkwe wangu nitamvusha mwenyewe.

Tatizo, Mama Limi hajaniita mkwe hata siku moja. Ananiita yule wa mashimo. Eti mtu aliyezoea kukaa chini ya ardhi hawezi kumtunza mtu wa juu. Limi kaniambia kabisa: mama akikataa, basi. Usingizi sina.

Kupiga kasia sijawahi. Lakini nimeshuka mita arobaini kwa kamba, gizani. Ziwani hata jua unaliona.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Mchimbaji hashuki bila kufunga kamba, nami nikafunga yangu kwenye kigingi ufukweni, upande mwingine kiunoni. Nikapiga kasia kwa nguvu zote. Mtumbwi ukaenda vizuri mpaka kamba ilipokwisha. Mtumbwi ukaendelea. Mimi nikabaki.

Mwalo mzima, wavuvi na wachuuzi, ulicheka. Rebeka muuza chai alimwaga birika. Magesa akanirudishia mtumbwi akiuvuta taratibu, kama anayerudisha mbuzi wa jirani, akauliza kama samaki wameshaanza kunikimbia.

Somo nimelipata: kamba ilikuwa fupi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo bila kamba, maana ndefu hazipo dukani. Mtumbwi unayumba mno. Rebeka anasema mtumbwi mtupu huyumba, unataka uzito kidogo. Uzito! Ninavyo viroba vitatu vya mawe yangu, vinangoja zamu ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Kuviacha chumbani ni kuwapa wezi. Nimevipanga chini, nikafunika kwa turubai. Mtumbwi umetulia tuli. Na mama akikanyaga, atakuwa amekanyaga dhahabu bila kujua.

Magesa kaja na maboya mawili, anataka kuniazima. Nimekataa. Nivae boya mbele ya mkwe? Ataniona mwoga.

Jumamosi, 14 Juni

Nipo hai. Yupo hai. Mungu ni mkubwa!

Mama Limi alifika saa tatu na gunia zima la michembe, viazi vilivyokaushwa. Nikachuchumaa mbali, nikainamisha uso, nikaamkia. Kwetu mkwe haguswi wala hatazamwi usoni. Akaitika kwa mbali, akapanda. Gunia likapanda. Nikapanda mimi.

Hatukupinduka. Ningeandika kwamba tulipinduka, ingekuwa na heshima kidogo. Mtumbwi ulishuka tu, polepole, wima, hatua kumi kutoka ufukweni. Maji yaliingia pande zote mbili bila haraka.

Nikaruka. Nikaanza kupiga maji kwa mikono na miguu. Nilijua mama anazama nyuma yangu, na kumshika siruhusiwi! Nikamnyooshea kasia huku nimegeuza uso, nikipiga kelele kwamba alishike, tunakufa, jamani tunakufa. Nililia, sifichi.

Ndipo mkono ukanikamata kwenye ukosi wa shati, ukaninyanyua.

"Simama, mkwe," alisema. "Maji ya magoti haya."

Kweli, yalikuwa ya magoti. Mama alikuwa amesimama kitambo, gunia kichwani, kavu.

Lakini ameniita mkwe! Na amenigusa! Mwalo wote umeona, hata Magesa. Mama akaangalia viroba vyangu majini, akaangalia ziwa lilivyo pana, akaanza kucheka mpaka akaketi kwenye mchanga. Alisema heri tumezama hapa. Bila mawe yangu tungezama kule katikati.

Tulivuka kwa boti ya Magesa, tumevaa maboya, mimi nyuma kabisa nikitazama nilikotoka. Ng'ambo mama akatoa jibu: amekubali. Amesema aliyemtoa mtu majini hawezi tena kumtupa, na kwamba mtu kama mimi asiachwe peke yake hata kidogo. Limi akalia kwa furaha. Mimi nikaketi chini. Nimepata nafuu ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe.

Sharti ni moja tu: nimeapa mbele yao wote kwamba sitashika kasia tena maisha yangu yote.

Jumapili, 15 Juni

Kiapo ni kiapo. Kasia nimemgawia Rebeka, anakorogea uji.

Mchana nimeonana na Bujiku wa kule machimboni, anauza injini ya pampu ya kutolea maji duarani. Anasema ukiifungia pangaboi, inasukuma mtumbwi kwa kasi kuliko boti ya Magesa. Breki haina, ila ziwa lina nafasi.

Harusi ni Agosti. Wageni kutoka Kharumwa ni thelathini. Nimeshamtumia mama ujumbe asihangaike na usafiri.