Kuhusu Dokta Mbaraka Anayenawa Mikono Mbele Yangu

Alunguli, Kindu, Jumatano

Kwa Bwana Mkaguzi wa Nyumba za Matibabu,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaofanya kazi kwenye bilo yako, hata yule karani mwenye mdomo aliyeniambia nikae chini hadi jina langu liitwe.

Mimi ni Mama Scholastique Amisa. Barua yako ya wiki jana nimeipata. Unasema hadi Ijumaa nilete kwako sanduku langu la sindano, nisidunge muntu tena, kwa sababu sina diploma. Siku ile ile Dokta Mbaraka, anayetibu watu kwenye nyumba ya matofali nyuma ya msikiti, ulimpa cheti cha ubora na usalama, naye akakitundika ukutani ndani ya kioo. Nauliza kwa heshima: ulikagua nini? Maana mimi nimemkagua mwenyewe, mara tatu, nikiwa nimekaa kwenye benchi lake. Njo haya niliyoyaona.

1. Ananawa. Nilimpa mkono kama mwanangu, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akaenda kwenye ndoo yenye bomba, akanawa kwa sabuni mbele ya macho yangu, hadi kwenye viwiko! Ndiyo kusema mimi ni uchafu? Alipomaliza kunipima, akanawa tena. Mara mbili kwa muntu mumoja. Mimi nilifagia na kupiga deki dispensari yetu ya zamani miaka kumi na moja. Uchafu najua unakaa wapi, na kwangu haukai.

2. Anauliza. Kijana wa umri wa wajukuu wangu ananiuliza naenda choo mara ngapi, na anaandika kwenye kitabu! Muntu anayejua kazi anatazama macho, anatazama ulimi, basi. Yeye amesoma Kisangani miaka saba, na bado anamuuliza mgonjwa anaumwa nini.

3. Hadungi. Nilimwambia mgongo unaniuma, nataka sindano. Akanipa maneno: nipunguze chumvi, nitembee kila asubuhi. Kutembea! Wakati wa vita ya kwanza nilitembea hadi Pangi na mzigo kichwani, mbona mgongo haukupona? Nilirudi nyumbani bila hata pamba kwenye mkono. Hakuna jirani aliyekuja kunipa pole, wala aliyeleta kipande cha samaki. Waje kwa nini, na huku kwetu asiyedungwa hajaugua?

4. Anatupa mali. Hapa, Bwana Mkaguzi, kaa vizuri kwenye kiti. Anafungua sindano mpya, anadunga mara moja, anaitupa kwenye kasha la manjano. Mpya kabisa! Halafu mkosaji ni mimi. Mwaka wa 2002, mto ulipofungwa kwa vita na wauguzi wakakimbia na mabegi yao, huku upande wetu alibaki nani? Nilibaki mimi, na ufagio, na ufunguo wa stoo. Sindano iliyobaki ilikuwa moja. Nilikuwa nimewatazama wenyewe wakidunga miaka yote ile, kwa hiyo nikadunga. Niliichemsha kwenye sufuria ya kupikia majani ya sombe. Makala ya jikoni yakikosekana, niliipitisha kwenye moto wa taa. Mafuta ya taa yakikosekana, niliipangusa kwa kitenge changu, upande wa ndani. Mtaa mzima ulipita kwenye sindano ile, Waislamu na Wakristo, wazee na wazazi, hata askari wawili wa pande mbili, kila mumoja siku yake. Ilipoisha makali niliinoa kwenye jiwe. Je, wewe na vyeti vyako mlikuwa wapi?

5. Anaamsha mambo yaliyolala. Jirani yangu Victorine nilimdunga mwaka ule ule, homa imempanda hadi anaongea na marehemu mama yake. Homa ilishuka. Kweli, paja lilivimba, likatoa usaha miezi mitatu, na tangu hapo anatembea kwa upande. Lakini si anatembea? Miaka ishirini na zaidi tumekaa mlango kwa mlango, jambo hili halijatajwa. Sasa Dokta, na maswali yake, amemuuliza mguu ulianza lini, na Victorine akamwambia. Siku ile alipita kwangu, hakukubali kiti. Alisema, Scholastique, ulinitoa kwenye kifo na ulinipa mguu huu, vyote viwili ni kazi ya mkono wako, mimi sina neno. Akaenda zake. Nilikaa pale na sombe yangu hadi ikaungua. Je, hiyo nayo umeipa alama kwenye cheti?

Kwa hiyo naomba, bila ugomvi, Dokta Mbaraka afungiwe mlango hadi ajifunze kunawa kwa siri. Akishajifunza, apewe ufagio afagie miaka kumi na moja kama mimi, ndipo ashike muntu. Mgonjwa yeyote asiruhusiwe kwenda nyumbani bila kudungwa, na mwenye kulalamika sana apewe mbili. Sindano isiyopita watu kumi ihesabiwe kuwa haijafanya kazi, na anayeitupa aitwe mbele ya wazee wa mtaa aeleze. Mimi mwenyewe mniweke mkaguzi wa Alunguli nzima. Macho yangu bado yanaona, na benchi zote za huku zinanijua.

Mkikataa, basi niandikieni karatasi yenye mhuri kwamba watu niliowadunga 2002 hawakupona, mumoja mumoja, kwa jina. Nitaipeleka sokoni niwasomee. Wengi wao wako pale kila asubuhi, wanauza.

Nasalimia mama wa nyumbani kwako na watoto, nasalimia wote mnaofanya kazi pamoja, na yule karani mwambie nimemsamehe, ila ajirekebishe.

Ni mimi, mwenye kungoja jibu lenye adabu,
Mama Scholastique Amisa

N.B. Dokta msimfungie mlango wiki hii. Barua naimalizia kwenye benchi lake. Divine, kitukuu changu, mtoto wa mjukuu wangu Espoir anayechimba madini huko Kalima, ana mwaka mumoja na nusu, na mwili unamchoma tangu alfajiri. Mama yake alinikabidhi mimi, akanigeuzia paja la mtoto bila kuuliza kitu. Nilifungua sanduku. Nilichemsha sindano, maji yakatokota muda mrefu kuliko siku zote, nikawa naongeza makala tu. Mwishowe nilizima moto, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaja huku. Sasa wanatuita ndani. Sanduku liko chini ya kitanda changu, mlango haukufungwa. Tuma muntu alichukue leo hii, maana kesho sijui nitaamka na moyo gani.