Samaki wa Kumrudisha Hind

Jumamosi, 2 Agosti

Nimenunua samaki. Sita, wa mapambo, rangi ya dhahabu, pamoja na tangi la kioo, kokoto na pampu ya hewa. Ndoa yangu sasa imo ndani ya maji, na nalisema hili bila mzaha.

Hind yuko kwao Ilala tangu Idi ya kuchinja. Hakuondoka kwa ugomvi. Alikunja nguo zake taratibu, akasema amechoka kuishi na vitu vilivyoanza tu. Mashine ya kutotolea vifaranga, haijatoa hata kimoja. Mchicha juu ya paa. Sabuni niliyoipika mwenyewe, ikaziba bomba la ghorofa nzima. Akasema siku atakayoona kitu kimoja nilichokianzisha mimi kiko hai, atarudi. Ijumaa ni Nane Nane, anakuja na baba yake, Mzee Abdulhadi, kuangalia. Nimewaambia kitu kipo. Sijasema ni nini.

Jovin, muuza samaki wa Mchikichini, kanihakikishia hawa hawana makuu. Chakula kidogo, maji masafi, hewa nzuri. Nikamwambia hewa ndiyo asiniambie kabisa. Mimi ni muuza udi Kariakoo, nyumba yangu inanukia kuanzia ngazini.

Tangi liko sebuleni, meza ya pembeni. Pampu ina sura mbaya, nimeificha nyuma ya chetezo. Pamependeza sana.

Jumapili, 3 Agosti

Samaki wana adabu! Asubuhi nilipofukiza udi kama kawaida, wote sita walikuja juu, midomo wazi, kunisalimia. Nimekaa nao. Tangu Hind aondoke sijasalimiwa hivyo ndani ya nyumba hii. Sitaficha, machozi yalinilengalenga.

Mchana kaja jirani wa mlango wa pili, Severine, Mchaga anayeuza vyombo kwa jumla. Mtaa mzima unamwita Mangi. Alikuja kuazima ngazi, akaliona tangi. Akainama, akasema samaki wazuri hawa, halafu wanene, hata yeye angependa kuwa nao. Kataja uzuri, kataja unene, Mashallah hakusema. Nikamwomba aseme. Akacheka, akasema Bwana asifiwe. Sina hakika kama inatosha.

Jumatatu, 4 Agosti

Haikutosha.

Mmoja kalala ubavu. Wengine wanahema kama watu waliopanda ngazi na gunia la mchele. Mapezi wameyabana, kula hawataki. Jicho hilo! Nilijua tangu alipoinama.

Nimefukiza mara mbili, jioni nikachanganya na ubani. Kimoja kimenitia moyo. Mapovu ya pampu yakifika juu yanapasuka na kutoa moshi, kidogo kidogo. Maana yake baraka imeingia mpaka ndani ya maji. Sijawahi kuona jambo kama hili maisha yangu yote. Hind angekuwepo ningemwita aje atazame.

Jumanne, 5 Agosti

Mmoja amekufa. Nimemzika kwenye kopo la mrehani wa Hind, ndani ya kitambaa cheupe. Hakuna aliyehudhuria.

Nikaenda kwa Jovin kutafuta wa kufanana naye. Kijana ana maswali kama polisi. Maji nabadilisha? Nawalisha kupita kiasi? Kuna dawa ya mbu napuliza humo ndani? Nikamjibu kwa heshima kwamba nyumba yangu haipulizwi madawa, ina harufu bora kuliko duka lake. Akasema sawa bosi, basi itakuwa uchovu wa safari tu.

Huyo mpya kaingia tangini mzima, kachangamka. Akazunguka, akazunguka, kabla ya magharibi naye akaja juu na wenzake, mdomo wazi. Kajifunza adabu upesi, Mungu ambariki.

Jumatano, 6 Agosti

Mangi kagonga mlango. Anasema moshi wangu unajaa koridoni, mkewe Joyceline anakohoa, nguo walizoanika zinanukia kama wanatoka harusini. Alisema kwa upole. Nikamtazama machoni. Mtu mwema hakerwi na udi, na wanaokerwa na udi tunawajua. Nikamwambia nimesikia, jirani.

Nikafunga madirisha yote na mlango, nikaziba na upenyo wa chini kwa taulo, moshi usitoke kumsumbua. Tangi nimelifunika kanga ya Hind upande wa mlangoni. Akija tena ataona maua.

Baba mkwe kapiga simu. Kauliza hicho kitu changu bado kipo? Nikamwambia wote wazima, baba, wanakusalimu. Akauliza kama ni watu. Nikamwomba avumilie mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Wawili kwa mpigo, asubuhi. Kopo la mrehani limejaa.

Leo ni kuamkia Ijumaa, siku ya kufukiza hasa. Nimetoa ule udi wa Hind, niliokuwa nimeuficha dukani nyuma ya makopo ili niuchome siku atakayorudi. Nikajiambia, kama si leo ni lini? Moshi umekuwa mzito mpaka tangi lenyewe nalitafuta kwa mkono.

Nimejaribu kuandika mpango wa kesho, nimeshindwa. Naogopa, basi. Nyumba hii naichukia nikiwa peke yangu. Nikipika, nasahau, napika cha watu wawili. Wanne bado wanahema. Nimewaomba, kwa sauti, wajikaze mpaka kesho saa nane.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamekuja baada ya sala. Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni.

Nikampa mzee shikamoo, akaitikia huku anakohoa. Hind alisimama mlangoni, akapunga moshi kwa mtandio, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Watatu walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Wa nne alikuwa amekufa, nikamwahi, yumo mfukoni mwa kanzu. Nikaanza kueleza kwa mpangilio: jicho, Mangi, uchovu wa safari.

Hanisikilizi. Anatazama mapovu yanavyopasuka. Akaweka kidole kwenye mrija, akaufuata taratibu mpaka nyuma ya chetezo.

"Nasor," akasema, "hawa samaki hawaumwi. Unawavutisha moshi."

Nikamwambia ndiyo, asubuhi na jioni, sijakosa hata siku moja, na jana nilichoma ule wako.

Mzee Abdulhadi akakaa kwenye kochi, akajifunika uso kwa kofia. Mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia, nikamwambia pole, baba. Akatikisika zaidi.

Hind akatoa chetezo nje, akafungua madirisha yote. Akapiga hodi kwa Mangi, wakaja wote wawili na ndoo ya maji yaliyolala kwenye pipa lao. Joyceline akashika chujio la chai, Hind akashika ndoo, wakawahamisha mmoja mmoja. Hind, mzee, Mangi na mkewe wakainamia ndoo. Mimi nikasimama nyuma yao na mikono yangu, sijui niiweke wapi. Baadaye mmoja akapiga mkia, na Hind akavuta pumzi.

Akasema hawa anawachukua. Nikauliza na yeye je? Akafunika ndoo kwa mtandio. Baba yake akatangulia kushuka ngazi, yeye akafuata na ndoo. Pale mlangoni aligeuka, akanitazama kwa muda, akasema nimekonda. Kisha akaondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemsamehe Mangi. Nimemgongea asubuhi na kumwambia rasmi. Akauliza kosa lake lilikuwa nini, nikamwambia yameisha, tusiyafukue. Akanikaribisha chai na maandazi. Nikala manne, Joyceline akaniongezea mawili.

Jumapili, 10 Agosti

Hind kapiga simu! Yeye mwenyewe, si baba yake.

Samaki wote watatu wazima. Wanakula, wanafukuzana, mzee kawawekea kiti chake karibu na hatoki hapo. Akauliza nimekula nini leo. Nikamwambia. Kisha akasema lile ambalo nimelisubiri miezi miwili.

"Njoo alasiri uwaone. Usilete kitu, Nasor. Njoo wewe tu."

Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya wakati tumeoana. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka mkono ukafa ganzi. Nimefurahi, sijui niandikeje.

Nikaoga, nikavaa kanzu nyeupe, nikatoka. Nimefika kona ya Msimbazi, akili ikanirudia. Mwanamume mzima unaenda ukweni mikono mitupu? Hind ana haya, hawezi kutamka anachotaka, lakini mume wa kweli anaelewa. Nikapitia kwa Jovin.

Kobe. Jovin kaniapia kobe haugui, anamzika mwenye nyumba. Mzuri, gamba linang'aa kama limepakwa mafuta. Nikaona nimpitishe nyumbani kwanza nimfukize kidogo tu, asiende ukweni ananuka duka. Tahadhari nimechukua. Kobe hana pampu, kwa hiyo hatari haipo.

Tangu nimfukize hajatoa kichwa. Nimemgonga gamba kwa adabu, kimya. Nimemwekea mchicha, hautaki. Nimetazama koridoni, Mangi hayupo, kaenda kanisani na familia tangu asubuhi. Kwa hiyo jicho ni la nani?

Hind kapiga tena, kauliza nimefika wapi. Nikamwambia niko njiani. Akasema wali uko tayari, wananisubiri mimi. Kapiga mara ya tatu magharibi. Sikupokea, nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza na tochi, natazama kama macho yanafumba.

Leo sikwenda. Siwezi kumpelekea mke wangu kitu kinachoumwa, atasema sijajifunza. Nimefunga madirisha, nimeongeza makaa. Akitoa kichwa tu, naondoka.